Ukurasa wa Mbele wa Bi Kheiria

Jumapili, 14 Januari 2024

Nimesoma jambo leo. Kumbe Marekani, kwenye mchujo wa urais, magazeti humtaja hadharani mgombea yanayemtaka! Wasomaji nao humfuata? Hilo halikuandikwa. Nna hamu ya kujua.

Ijumaa na sisi tuna mchujo: nani asimame kwa niaba ya mtaa wetu wa Hail kugombea urais wa Klabu ya Bao. Mimi au shemeji yangu Nasr. Keshanishinda mara mbili. Nami, kwa mdomo wangu huu, nimeahidi mbele ya watu kwamba akinishinda ya tatu, bao la marehemu baba lililotoka Unguja nampa. Bakhita, mke wangu, hajasema nami tangu jana.

Jumatatu, 15 Januari

Nimekwenda kwa Bi Kheiria, mwenye kijigazeti chetu cha kurasa nne. Nimemwomba aniunge mkono, picha yangu mbele. Kasema mbele ni pa taazia, miaka yote. Nimemuuliza wiki hii kafa nani. Hakuna, alhamdulillahi! Basi pako wazi. Kakubali, kwa sharti nimpeleke mjini Ruwi kuchapisha.

Jumanne, 16 Januari

Maneno nimeandika mwenyewe. "Humam, mtu wa watu. Mpole, mkarimu, hakugombana na mtu." Bakhita kasoma, kacheka mpaka kakaa chini. Angalau kafungua mdomo.

Alkhamisi, 18 Januari

Gazeti limetoka asubuhi. Nikenda kwa kinyozi, simu imeisha chaji. Narudi Alasiri, magari mpaka barabara kuu! Viti vya plastiki, kahawa, tende. Wallahi, nikajua ndio wafuasi.

Halafu nikasikia kilio. Nasr! Anawaambia watu hatapata tena shemeji kama mimi. Nikajibanza nyuma ya gari nisikilize kidogo. Aziz, ambaye hajanisalimu tangu Ramadhani, anasema nilikuwa nuru ya mtaa. Khe! Kumbe napendwa hivi? Machozi yakanitoka. Bakhita alikuwa kwa dada yake, hakuwapo wa kuwaambia kitu.

Nikatokeza, nikatoa salamu. Aziz kaangusha birika la kahawa. Nikawauliza hawakusoma? Wakasema waliona picha ikatosha. Nasr kanikumbatia, kisha kanitukana.

Ijumaa, 19 Januari

Kura ishirini na mbili. Nasr ishirini na moja. Mimi moja, na naijua ni ya nani.

Nimemuuliza Aziz, imekuwaje? Kasema jana pale kwenye viti, wote walimuahidi Nasr kura zao kumfariji kwa msiba. Nikamwambia lakini mimi mzima! Kasema anaona, ila ahadi ni ahadi.

Jumamosi, 20 Januari

Nasr kaja kulichukua bao. Kalibeba kifuani kama mtoto. Nimeingia chumbani nikalia, sisemi uongo. Bakhita kaniletea chai, hakunicheka.

Lakini nimepata jawabu langu. Gazeti lina nguvu! Watu hamsini walitoka majumbani mwao kwa picha moja. Kosa lilikuwa picha ndogo.

Mwezi wa tatu kuna uchaguzi wa katibu. Nimempigia Bi Kheiria: ukurasa wa mbele tena, picha kubwa, aizungushie fremu nyeusi ionekane mbali. Kauliza kama niko na uhakika. Nimemwambia niko. Na chini aandike: Ijumaa, baada ya sala ya Alasiri, nyote mnaombwa mhudhurie.