Uso wa Kiwanda cha Sabuni

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Habari kubwa! Kiwanda kinatengenezewa video ya kuonyesha wateja wakubwa. Meneja ametukusanya sisi wa ufungashaji saa nne, karibu na rundo la katoni, akasema Ijumaa watahojiwa wawili mbele ya kamera: mimi na Bi Lebo. Bi Lebo ndiye anayebandika lebo kwenye katoni ninazofunga mimi. Miaka tisa tunatazamana meza kwa meza. Sijawahi kumwona akikosea, na jambo hilo linanichosha.

Sasa, msimamizi wetu amestaafu na kiti chake kiko wazi. Mimi si mtoto. Kiti kitupu, kamera, watu wawili. Atakayeng'ara kwenye video ndiye msimamizi! Nimemuuliza meneja kama ndivyo. Akasema hapana, mambo hayo hayahusiani kabisa. Jinsi alivyokataa haraka! Basi ndivyo. Mama mkwe nimeshampigia simu kumwambia kiti ni changu.

Meneja alisema pia tusijitayarishe, tuwe wa kawaida tu. Nimemuuliza mke wangu kawaida yangu ni ipi. Akasema ni kulalamika huku nimekaa. Hajanisaidia.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Maswali ninayo! Dada wa mapokezi ndiye aliyeyachapa. Nilimbebea dumu la maji ya kunywa kutoka stoo hadi dawatini (kiuno changu, jamani), naye alipokwenda kutafuta glasi nikayanakili yote saba kwenye kipande cha katoni. Mepesi ajabu. Umefanya kazi hapa muda gani? Unapenda nini kazini? Ya namna hiyo.

Hapo shetani akanipitia. Nikatunga orodha nyingine, ya Bi Lebo. Maswali ya kumtoa mtu jasho. Kwa nini sabuni hutoa povu? Mafuta hugeukaje kipande kigumu? Mtambo wa kukata ukikwama, tatizo huwa wapi? Mimi mwenyewe sijui jibu hata moja. Nikampa kwa siri getini, kwa sura ya huruma, nikamwambia ndiyo yatakayoulizwa. Alinishukuru mpaka nikaona haya. Kidogo.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Nakariri. Mbinu yangu ni kukariri majibu kwa namba, la kwanza mpaka la saba, bila kupoteza muda na maswali yenyewe. Nimekariri nikipiga mswaki. Nimekariri kwenye foleni ya choo. Nyumbani mke wangu alinishikia mwiko kama kipaza sauti, akauliza itakuwaje wakianza na la nne. Nikamwambia watu wa kamera ni watu wa mpangilio.

Bi Lebo hakuja kunywa chai. Nasikia yuko kwenye mitambo, daftari mkononi, anamsumbua fundi. Maskini! Ameshachanganyikiwa.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Leo tena yuko kwa fundi. Mchana akahamia maabara. Nimekwenda kuchungulia dirishani mara mbili na sijui kwa nini.

Nimejaribu poda ya mke wangu ili paji la uso lisimetemete kwenye taa. Mama mkwe akapiga simu ya video wakati huohuo. Akaniuliza naumwa nini.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Imeisha. Sielewi kilichotokea. Naandika ninavyokumbuka.

Chumba cha mikutano. Taa mbili kali, muulizaji mpole na mpiga picha. Muulizaji akaniambia nisitazame kamera, nimtazame yeye. Sasa kamera ya nini? Akasema pia sauti yake itaondolewa, kwa hiyo kila jibu nilianze kwa kurudia swali. Nikasema sawa. Akauliza nimefanya kazi hapa muda gani. Nikarudia kama nilivyoagizwa, nikamuuliza amefanya kazi hapa muda gani. Akasema yeye hafanyi kazi hapa. Nikampa pole. Akanifafanulia upya nami nikazidi kupotea.

Halafu akaruka mpaka la nne! Akauliza nani hunipa moyo kazini. Lakini jibu la pili lilishanifika mdomoni: harufu ya sabuni na mashine ya gundi. Akauliza ningependa kumwambia nini mteja. Nikajibu maumivu ya mgongo, ila nimezoea. Akauliza changamoto kubwa ya kazi hii. Nikasema ni mke wangu na mama yake. Mpiga picha akatoka nje kukohoa. Alikohoa muda mrefu.

Baadaye wakanipeleka mezani kwangu kunipiga picha nikifunga katoni. Hapo sasa! Maneno yakaja yenyewe. Nilieleza miaka yangu tisa, siri ya kubana kona, mapenzi yangu kwa kazi hii, dakika nne bila kukwama. Mpiga picha akasema vizuri sana, niendelee hivyohivyo, sehemu hii hawachukui sauti. Sikumwelewa. Nikaendelea.

Jumatano, tarehe 20 Machi

Tumeonyeshwa video. Bi Lebo kaulizwa anapenda nini kazini, basi kayamwaga yote: povu, mafuta, mtambo, mpaka fundi kamtaja kwa heshima. Hakuna aliyemuuliza hayo! Mkurugenzi alikuwa akiandika. Na mimi? Mikono yangu. Sekunde kumi na moja inafunga katoni, huku sauti ni ya Bi Lebo. Picha imeishia kwenye kola. Mke wangu, nilipomwonyesha kwenye simu, ameitambua mikono, anasema imetoka vizuri.

Kisha meneja akamtangaza msimamizi mpya. Ni Bi Lebo. Nimeumia, siwezi kuficha. Nilikitaka kile kiti kwa moyo wangu wote, na mama mkwe ameshawaambia majirani. Nilikwenda stoo, nikakaa juu ya katoni nikalia.

Bi Lebo akanifuata hukohuko. Akasema kaka, bila ile orodha nisingefika popote. Akaninong'oneza kuwa mwezi ujao kuna nafasi ya meneja wa uzalishaji, na bodi nzima itamhoji. Je, naweza kumtafutia maswali tena? Nilimtazama vizuri. Mpaka leo hajashtuka! Nikamwambia aniachie mimi.

Tangu nirudi nyumbani naandika. Nimefika swali la arobaini, mengine nimeyatoa kwenye kitabu cha kemia cha binti yangu. Ni magumu ya kutisha. Safari hii haponi.