Nne Zangu Katika Mia ya Hargrove

Jumapili, 29 Julai. Siku ya kumi na tisa tangu niondoke Alabama.

Bado niko Canton. Bado mvua. Tangu asubuhi nimepanga viti vya kukunja uwanjani, elfu moja na kitu, na mgongo umegoma. Mancuso, msimamizi wetu, alipita akasema safu zangu zimepinda kama mkia wa nguruwe. Akaniamuru nizirudie. Nimezirudia. Zimepinda upande wa pili.

Si kitu. Mimi sikuja Ohio kwa ajili ya viti. Jumamosi wanamwingiza Royce Hargrove katika Ukumbi wa Heshima wa mpira wa Kimarekani. Koti la dhahabu, sanamu ya shaba ya kichwa chake, hotuba, nchi nzima ikitazama. Magazeti yanasema katika maisha yake ya mpira aliwaangusha warushaji wa timu pinzani, mpira ukiwa bado mkononi mwao, mara mia moja kamili. Mia! Hakuna gazeti linalosema kwamba nne kati ya hizo zilipita kwangu.

Mwaka ule wa mgomo, miaka ishirini na mitano iliyopita, wachezaji wa kweli waligoma, timu zikaokota watu wowote. Mimi waliniokota kwenye kiwanda cha mbao. Nikacheza michezo mitatu, jezi namba 67, kazi yangu kumkinga mrushaji wetu. Katika mchezo wa tatu Hargrove aliwaacha wenzake kwenye mgomo akaja kucheza. Akanipita mara nne, na kila mara akamwangusha mrushaji wetu. Bila mimi angekuwa na tisini na sita, na nani anamtawaza mtu wa tisini na sita?

Ninachotaka ni jina langu tu litajwe.

Jumanne, 31 Julai.

Hargrove alikuja kulijaribu jukwaa. Nilikuwa nimejipangia: nikaingia chini ya mbao na spana, eti nakaza nati. Miguu yake iliposimama juu yangu nikaita kupitia ufa, Bwana Hargrove, unaikumbuka namba 67? Jitu la kilo mia na thelathini liliruka kama limekanyaga nyoka. Walinzi wakanivuta nje kwa miguu. Mancuso akawaambia kwamba huyu ni Alabama wetu, hana madhara, ni akili tu zimechoka. Wakacheka. Hargrove alikuwa ameshaondoka.

Kidevu kimechubuka. Chakula cha jioni: mkate na soseji baridi.

Jumatano, 1 Agosti.

Mke wangu Verlene amepiga simu. Ameomba ukumbi wa kanisa kwa Jumamosi, na runinga kubwa ya mchungaji. Kina mama watakaanga kambare. Watu wote wanakuja kulisikia jina la mume wake! Nikamwambia asijisumbue sana. Akasema ameshajisumbua.

Kaka yake pia anakuja, shemeji Orville, shemasi. Miaka ishirini na mitano huyu mtu anawaambia watu kwamba mimi sikucheza, nilikuwa nabeba ndoo ya maji. Picha yangu na jezi iliharibika kwenye mafuriko, na Orville anasema maji yalimrudia mbebaji wake. Kanisa zima hucheka. Verlene huwa hacheki, ila huniangalia kidogo, na hilo ndilo linaloniuma.

Hatukutaka kukata simu. Akasema, kwa sauti ya chini, Lonzo, ni kweli atakutaja? Nikasema tumeshaongea, mimi na Hargrove.

Kwa namna fulani tumeongea.

Alhamisi, 2 Agosti.

Ushindi! Leo ni karamu ya makoti. Tulitumwa kubeba meza, na makoti yenyewe yalikuwa yametundikwa nyuma ya pazia, kila moja na kikaratasi cha jina. Barua nilikuwa nayo soksini tangu jana. Nimeinakili hapa:

“Ndugu Hargrove. Mchezo wa mgomo, wa tatu. Mimi ni yule aliyekuwa mbele yako. Ulinipita mara nne na katika mia yako zimo. Nakuomba unitaje, mara moja inatosha. Lonzo Pettway, Alabama.”

Sikujua kwamba mifuko ya koti jipya huja imeshonwa. Nikaifungua kwa kisu cha kukatia kamba. Nyuzi zikakatika, na kitambaa cha ndani nacho kidogo. Kidogo sana. Hakionekani mtu akisimama wima.

Walipomvisha nilikuwa mlangoni na rundo la viti. Watu wakapiga makofi, naye, kama mtu yeyote mwenye koti jipya, akatia mkono mfukoni. Akatoa karatasi. Akasoma. Akasoma tena! Uso ukamsawijika, akatazama meza ya wachezaji wenzake wa zamani, wale ambao hakuna hata mmoja aliyeinuka kumpongeza. Hakula tena.

Nimemgusa moyo. Nimempigia Verlene na kumwambia ni hakika.

Ijumaa, 3 Agosti.

Viti. Mancuso ameuliza kwa nini nacheka peke yangu. Nikamwambia kesho ataniita Bwana Pettway. Akasema sawa, Bwana Pettway, safu ya kumi na nane imepinda.

Jumamosi, 4 Agosti.

Naandika nikiwa nimeketi ndani ya bafu la moteli, kwa sababu wenzangu wanatazama marudio ya hotuba chumbani.

Nilisimama pembeni, safu ya kumi na nane. Wakafunua kichwa cha shaba. Hargrove akamshukuru mama yake, makocha, mke. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi yangu. Yangu!

Akasema juzi amepata barua ya kumkumbusha siku anayotamani aisahau. Kwamba asubuhi ile wenzake walikuwa wamesimama langoni na mabango, mvua inawanyeshea, wanaipigania haki yake na yeye, naye akawapita akaingia kucheza. Kwamba walikuwa ndugu zake, na hawajasema naye tangu siku hiyo. Kwamba aliyewekwa mbele yake hakuwa mchezaji, maskini, alikuwa mtu tu aliyevalishwa kofia ngumu ya mchezo. Hata bibi yake angempita.

“Zile nne nazirudisha,” akasema. “Niandikeni tisini na sita.”

Uwanja mzima ukasimama. Wale wazee wenzake wakapanda jukwaani mmoja mmoja wakamkumbatia, wakalia, koti likachanika mfukoni. Mancuso alilia. Mimi nilipiga makofi, maana kila mtu alikuwa anapiga. Hata mimi nililipita lango lile, ndani ya basi, wakiturushia mayai. Mimi sina cha kurudisha.

Jina hakulitaja.

Verlene amepiga. Ukumbi wote ulilia, alisema, hata Orville, kambare wakapoa. Halafu Orville akafuta machozi na kuuliza, sasa Lonzo anatajwa saa ngapi? Kisha Verlene akaniuliza kama yule mtu wa kofia ni mimi.

Nikasema hapana. Nikasema yule ni mwingine. Mimi siku hiyo nilikuwa nabeba maji.

Hakucheka.

Jumapili, 5 Agosti. Siku ya ishirini na sita.

Tumekunja viti kutwa. Mancuso anasema kuvikunja najua. Nilikuwa nimemwahidi Verlene kwamba Jumanne nitakuwa nyumbani.

Lakini mchana, nikiwa juu ya lori, nimesikia kwamba mwakani huenda wakamchagua Dwight Osterman. Osterman! Mchezo wa kwanza wa mgomo, naye aliwaacha wenzake. Alinivunja kidole hiki ninachoshikia kalamu, akamwangusha mrushaji wetu mara mbili. Mbili tu! Mbili hazitamsumbua mtu dhamiri. Na safari hii barua nitaitia kwenye kiatu.

Mancuso ana kazi ya kupakua mbao hapa hapa mjini, majira yote ya baridi. Nimekubali. Nimemwandikia Verlene aombe ukumbi mapema. Nitarudi nyumbani Agosti mwakani, Jumatatu ya kwanza baada ya hotuba.