Sindano ya Shifoni, Suruali ya Ukweni

Jamani, leo nimeadhirika ukweni. Naandika haya nimejifunga kanga ya mchumba wangu Boke kiunoni, na sina nguvu hata ya kuivua.

Wiki nzima nimeshona blauzi za kwaya, kitambaa chepesi cha shifoni. Mgongo umekufa. Sindano namba tisa, uzi ule mwembamba. Na leo ndiyo nilitakiwa Gorong'a kwa baba yake Boke, aniambie kama ananipa binti au nikatafute kwingine. Asubuhi nakumbuka sina suruali ya maana! Nikakata kitambaa cha kadeti, ile nzito kabisa, nikaiweka kwenye cherehani.

Kadeti inataka sindano namba kumi na sita na uzi mgumu. Kila fundi hapa Nyamwaga anajua. Mimi najua. Lakini kufungua sindano, kutunga uzi upya, kujaza uzi kwenye bobini... (Uvivu? Hapana, uchovu. Haya, na uvivu.) Nikashona na ile ile namba tisa. Cherehani ikawa inaruka, inaacha mishono. Nikaiambia, "Twende hivyo hivyo, kule nitakaa tu kwenye kiti."

Na kweli nilikaa. Mpaka ndama akachomoka zizini. Baba mkwe akanigeukia.

"Mura, wewe mshona blauzi, ndama unaweza kumshika?"

Kwa sisi Wakurya, mzee akikuita mura, yaani kijana wa kiume, hilo si swali. Ni usaili.

Nikadaka kamba. Ndama akavuta. Nikatanua miguu, nikachuchumaa, nikavuta na mimi. Praaa! Kuanzia mkanda hadi zipu! Mshono wote umeachia kwa mkupuo, bila hata kubisha.

Ndani nilikuwa na bukta niliyojishonea kwa mabaki ya pazia. Maua makubwa mekundu. (Hiyo haikuachia hata uzi mmoja. Niliishona kwa sindano yake.)

Hapo hapo mama mkwe anatoka jikoni na sinia la ugali. Sisi huku na mama mkwe hata mikono hatupeani, kwa heshima. Leo mama wa watu ameonyeshwa bustani nzima! Akapiga yowe, akajifunika kanga usoni, akarudi kinyumenyume. Ugali chini. Nilitamani kufa, na kamba siwezi kuiachia, maana nikiiachia nimekosa ndama na mke.

Boke akaja kunifunga kanga, anacheka mpaka machozi. Nikajua imekwisha. Mara sauti ikatoka jikoni.

"Baba Boke! Huyo kijana amemwachia ndama?"

"Hajamwachia."

"Basi mpe binti. Ila nguo za harusi tutashona Sirari."

Mzee akakubali yote mawili. Kwa hiyo mke nimepata, na kwa harusi yangu mwenyewe nitapimwa suti na fundi mwingine. Mnaotaka kucheka chekeni kwa sauti ndogo, mimi nalala.