Habari za Msoma Mita na Shimo la Meno

Sogeeni, enyi mlio karibu, na mlio mbali tegeni masikio. Anayekaanga na azime jiko, anayepiga pasi na aisimamishe wima, na mwenye simu aifudikize juu ya meza, kwa kuwa habari hii haitaki kusikilizwa nusunusu. Wengine wamewasimulia vita vya majeshi na kuanguka kwa miji. Mimi nina kubwa zaidi: jinsi mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, mwenye kitambi cha wastani na miwani ya kusomea, alivyoruka shimo. Wala hakuliruka kwa miguu. Aliliruka kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, akiwa ameketi, Jumamosi mchana, mbele ya mashahidi wawili ambao wako hai na wanaweza kuulizwa.

Shujaa huyo alikuwa msoma mita wa idara ya maji, bingwa wa mifuniko ya chuma, mwenye kuinama mara sitini kwa siku na kuinuka mara sitini bila kunung'unika. Asubuhi alifukuzwa na mbwa wa watu. Jioni alirudi nyumbani akawa sultani, kwani katika orofa ya chini ya nyumba yake, kando ya ngazi, palikuwa na chumba chenye dirisha la kuelekea uani, na humo, kutoka sakafuni hadi darini, yalipangwa kwa rangi za migongo yao makasha mia nane na kumi na mawili ya michezo ya video: askari mia nane na kumi na wawili wasiojua kurudi nyuma, wala kwenda mbele, maana hakuna hata mmoja aliyewahi kutoka kambini.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo, na ni haki tuseme. Katika Enzi ya Kwanza, enzi ya utoto, alikuwa na kaseti moja tu, iitwayo Panzi Shujaa, ambayo mama yake alikuwa ameiandika jina la mwanawe juu ya lebo kwa kalamu ya bluu ili isipotee kwa majirani. Naye aliicheza hata alama za kwenye pedi ya kuchezea zikafutika. Ikaja Enzi ya Pili, enzi ya mshahara wa kwanza, akazisaka gemu zote alizowahi kuzionea wivu, akazileta nyumbani uchi, bila makasha, akazicheza mbili tatu kwa wiki na kulala na furaha. Lakini katika Enzi ya Tatu akaanza kuuonea haya uchi huo. Akataka kila kaseti iwe na kasha lake, kila kasha liwe na kijitabu chake, na kila kijitabu kiwe na kurasa zake zote. Na kwa kuwa kutafuta vijitabu ni kazi, kucheza kukasogezwa hadi sikukuu. Ile kaseti ya utotoni, yenye madoa ya wino, iliharibu mstari wa rafu, akampa mtu. Hata hakumbuki alimpa nani.

Kisha ikaingia Enzi ya Nne, enzi ya nailoni. Sasa hakutaka tena gemu iliyowahi kuguswa na binadamu. Alitaka iliyofungwa tangu kiwandani, akaishika kwa glovu za pamba, akaipimia unyevu wa hewa kwa kijisaa cha ukutani. Za Panzi Shujaa peke yake alikuwa nazo nne, na sababu zake ni hizi. Ya kwanza ilikuwa ya kutunza. Ya pili aliiagiza ili aicheze, ila ilipofika akaiona ni safi kuliko ile ya kutunza, basi akaitunza, akaagiza ya tatu ya kuchezea. Nayo ikaja na nailoni bila mkunjo. Ya nne aliiagiza kwa kiapo kwamba hiyo ataicheza kufa kupona, na ilikuwa rafuni mwaka wa sita sasa.

Basi jioni moja mkewe, mwalimu wa hesabu, akiwa mezani na rundo la mitihani, alitamka maneno yaliyoitikisa himaya.

"Mama yako anatoka hospitali Jumamosi. Lile goti walilompasua haliwezi kupanda ngazi. Daktari amesema miezi mitatu. Chumba cha chini ndicho chake."

Msoma mita akasimama, akashika mgongo wa kiti kama mtu aliye mimbarini, akatoa hotuba. "Mke wangu, mama nampenda, na wewe unajua. Aliyenizaa ni yeye, aliyenilisha ni yeye. Lakini hewa ya kile chumba sikuipata kwa siku moja. Mama akiingia na chai yake ya moto, mvuke utapanda, utagota darini, utashukia kwenye makasha, na mimi nitakuwa nimekwisha. Sebuleni kuna kochi. Ni pana. Lina mito."

Mkewe akaweka chini kalamu nyekundu. "Kwa hiyo mama alale kwenye kochi, maboksi yalale chumbani."

"Si maboksi. Ni michezo."

"Mchezo unachezwa. Mara ya mwisho umecheza lini?"

Msoma mita akaanza kuhesabu miaka kwa vidole. Mwalimu akangoja kwa subira ile anayomngojea mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Basi tufanye hivi," akasema. "Jumamosi, chukua gemu moja yoyote, icheze mbele yangu, uvuke hatua ya kwanza tu. Ukivuka, nitalitandika kochi kwa mikono yangu na neno halitanitoka. Usipovuka, chumba ni cha mama, na atakayehamisha maboksi ni wewe."

"Hatua ya kwanza?" Msoma mita akacheka hadi miwani ikateleza. "Mimi nilivuka Shimo la Meno nikiwa na miaka tisa."

Habari hiyo mkewe alikuwa ameshaisikia, kama walivyoisikia mashemeji, wasoma mita wenzake, na yule daktari wa meno aliyeuliza tu kwa nini anaogopa sindano. Alirudi kwenye mitihani yake.

Usiku haukuwa umeingia bado shujaa alipompigia simu mshirika wake wa vita, fundi wa friji, mkusanyaji mwenzake wa miaka mingi, kumwomba ushauri.

"Usifungue, ndugu yangu," fundi akamwambia. "Ukishafungua, umefungua. Mimi nimekwenda mbele zaidi. Gemu zote nimezitoa. Siku hizi nakusanya yale makava ya plastiki ya kuhifadhia makasha. Matupu. Yamejaa ukuta mzima, na hakuna kitu ndani cha kunipa wasiwasi."

Msoma mita akaiona kwa mara ya kwanza njia aliyokuwa akiipita inaishia wapi. Akashukuru, akamtakia heri, akakata simu.

Jumamosi ikawadia. Ewe kidole gumba, uliyelala usingizi wa miaka kumi na tano, uliyezoea kubonyeza kengele za milango ya watu tu, amka sasa, maana sitaweza kuisimulia sehemu hii bila msaada wako. Saa nane kamili mchana shujaa alivaa glovu zake, akaishusha ile Panzi Shujaa ya nne, akaiweka juu ya taulo safi sebuleni, akatwaa wembe. Mwalimu aliketi pembeni na mitihani mapajani. Wembe ukagusa nailoni. Nailoni ikalia kidogo, ikaachia. Harufu ya karatasi ya zamani ikatoka ndani ya kasha, na msoma mita, nasema kweli tupu, alilazimika kuvua miwani na kuifuta.

Mashine ya michezo ikawaka. Panzi akatokea na joho lake jekundu, akatembea chini ya mawingu, akaruka kisiki, akaruka konokono, na shujaa wetu akaanza kuvimba kichwa. Kisha likaja Shimo la Meno. Kwa msiolijua, ni shimo pana lenye meno ya chuma yanayofumbuka na kufumba. Yakifumba huwa daraja, yakifumbuka huwa kaburi. Msoma mita alingoja yafumbe, akaruka. Yakafumbuka, yakamla.

"Moja," mwalimu akasema, akapiga mstari pembeni mwa karatasi ya mtu.

Alirudi vitani. Aliruka mapema akaliwa, aliruka kwa kuchelewa akaliwa, aliruka huku amesimama, na huku amefumba jicho moja. Alivua glovu. Aliilaumu pedi kuwa ni ngumu, akailaumu televisheni, kwamba hizi bapa za kisasa zinachelewa kuitikia, akalilaumu hata jua la dirishani, na mkewe akaenda akavuta pazia bila kubishana. Jasho likamtoka. Kitu kibaya kilikuwa kimeanza kumwingia moyoni, na si hofu ya kushindwa. Ni kwamba mkono wake haukukumbuka kitu. Mtu akishavuka mahali, mkono hukumbuka japo kidogo. Wake ulikuwa mgeni kabisa pale.

"Thelathini na moja," mwalimu akasema, na sauti yake ilikuwa imelegea kwa huruma.

Hapo mlango wa mbele ukabishwa hodi. Mama alikuwa amefika mapema, akiletwa na dereva wa teksi aliyembebea begi, naye mwenyewe yuko juu ya magongo mawili, mwembamba kuliko walivyomkumbuka. Wakampokea, wakamketisha kwenye lile lile kochi, mguu juu ya mto. Akajipapasa, akajisogeza.

"Kochi zuri," akasema. "Ila linazama, na goti halipendi." Kisha akaitazama televisheni. "Hee. Kwani mwanangu bado hujavuka hapo?"

"Nilishavuka zamani, mama. Nikiwa na miaka tisa. Si unakumbuka, uliponinyang'anya mashine wiki nzima kwa ajili ya matokeo ya hesabu? Uliponirudishia nikawasha, Panzi yuko ng'ambo, palepale nilipomwacha."

"Ulimwacha ng'ambo?"

"Si kaseti inatunza ulipofikia."

"Inatunza, ndiyo. Nami ndiye niliyemfikisha." Mama alisema hivyo taratibu, akiirekebisha kanga magotini. "Wewe ulikuwa shule. Nikishafua na kufagia, naitoa kabatini. Siku tatu niliangukia humo humo, mpaka nikaunguza maharage. Siku ya nne nikaijua siri yake."

"Mama, ulinipiga marufuku."

"Nilikupiga marufuku wewe. Mimi nilikuwa sijafeli hesabu."

Mwalimu aliinama akaficha uso kwenye mitihani, na mabega yake yalitikisika muda mrefu. Msoma mita alishika tama. Miaka thelathini na minne ya sifa, mashemeji wote wale, daktari wa meno yule, vyote vilimwangukia kwa mara moja.

"Sogea niione," mama akaendelea, asijue neno juu ya lile sharti. "Wewe unangoja meno yafumbe ndipo uruke. Ukiwa juu yanafumbuka, unashukia mdomoni. Ruka yakiwa wazi. Yatakuwa yamefumba ukishuka. Na hicho kitufe usikikandamize kama unaua mende. Kiguse, kiachie."

Sasa angalieni, enyi wasikilizaji, mtego aliokuwa ndani yake. Ushindi wenyewe huo alikuwa anafundishwa na mtu ambaye ushindi huo utamlaza kwenye kochi linalozama. Mkewe alijua. Yeye alijua. Mama peke yake hakujua, naye alikuwa ameegemea mbele kwa hamu hata amesahau goti.

Shujaa akapiga moyo konde. Panzi akakimbia. Meno yakafumbuka, mekundu, wazi kabisa, na msoma mita, kinyume cha kila alichoamini, akaruka kuelekea ndani yake. Akagusa, akaachia. Panzi akapaa, joho likapepea, na chini yake, kimya kimya, meno yakafumba. Akatua juu yake, akaruka tena, akafika ng'ambo. Bendera ikapanda na ngoma ndogo ya ndani ya televisheni ikapigwa.

"Ya thelathini na mbili," mwalimu akasema. "Umevuka."

Kisha akatimiza ahadi yake, maana alikuwa mtu wa ahadi. Aliinuka bila neno, akaenda kabatini, akarudi na shuka mbili na mto, akaanza kuzikunjua kando ya kochi. Mama akamtazama, akaitazama shuka, akatabasamu tu kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kuwasumbua wenyeji. Tabasamu hilo msoma mita hakulistahimili.

"Mke wangu, ngoja," akasema. "Hizo peleka chumbani."

Alibeba mwenyewe. Safari arobaini na sita za ngazi alizipanda, hesabu ni ya mwalimu, akiwabeba askari wake kwa makundi na kuwalaza chini ya kitanda, juu ya kabati, bafuni hata, ambako unyevu hauna mpimaji. Kile kijisaa cha ukutani alikitoa, akatundika saa ya kawaida. Televisheni na mashine alivitoa sebuleni akaviweka chumbani, mkabala na mto wa mama.

"Na hiyo ya Panzi?" mama akauliza, alipokwisha kulazwa na chai yake ya moto mkononi. "Unaipeleka juu nayo?"

Msoma mita aliichomoa kaseti mashinani, akaiangalia lebo yake nyeupe isiyo na doa. Akamwomba mkewe kalamu.

"Ninayo nyekundu tu."

"Lete."

"Kandamiza vizuri," mama akamwambia. "Isije ikapotea."

Basi na iandikwe katika vitabu vya zama hizi, na watakaokuja baadaye wasome: kwamba siku ile, saa kumi na moja kasorobo jioni, msoma mita wa idara ya maji, bila glovu, aliandika kwa wino mwekundu maneno mawili, Ya Mama, juu ya kaseti safi kuliko zote alizowahi kumiliki, akaupuliza wino ukauke, akairudisha mashinani, akaketi sakafuni kando ya kitanda, akangoja zamu yake.