Shimo la Siki la Sib

Jumamosi, 3 Aprili 2004
Nimepata wazo! Jana Humam, mwanangu anayesoma chuo kikuu, alitueleza habari za Wachina. Wanachachusha pombe yao ndani ya mashimo ya udongo, na mengine ni ya tangu enzi za babu wa babu. Siri imo kwenye tope la shimo. Bakteria wa kila namna wanaishi humo kama ukoo, hawa wanawalisha wale, na wao ndio wanaoleta ladha. Wao pombe, astaghfirullah. Mimi siki ya tende! Sib nzima, kisha Oman nzima, itanunua kwangu. Mke wangu Nasriya kauliza majirani watasema nini wakisikia nimejifunza kwa walevi. Hana jicho la biashara, maskini.

Jumatatu, 5 Aprili
Shimo tayari, nyuma ya jiko. Nimelikandika mwenyewe. Mgongo sina. Ila shimo ni jipya, na Humam kasema shimo jipya halina ukoo. Nikaukumbuka mtungi wa siki wa Nasriya. Marehemu mama yake, Bibi Mahfoudha, alikuja nao kutoka Unguja. Siki ikipungua, huongezewa maji ya tende juu ya utando ule ule wa chachu unaoelea. Nasriya yuko Sidab kwa dada yake Masouda. Nilikusudia kuchota kidogo tu. Kidogo kikaonekana kidogo mno. Nikamimina wote shimoni, juu ya tende. Mtungi nimeuosha kwa sabuni na maji ya moto, atafurahi. Halafu, kwa kuwa kwetu hata mtungi wa maji hufukizwa, nikateremsha chetezo cha ubani na kulifunika shimo. Wachina hawana ubani. Hapo ndipo nitakapowapita!

Jumatano, 14 Aprili
Shimo kimya. Hakuna povu, hakuna ukali. Linanukia ubani tu, kama nyumba ya harusi. Humam akainama, akanusa, akauliza nimefukiza mara ngapi. Kila asubuhi, nikamjibu kwa fahari. Akasema moshi umewaua. Ukoo mzima! Nasriya, aliyerudi leo, alikuwa kasimama nyuma yetu na mtungi mtupu unaong'aa. Nilingoja makelele. Akauweka mtungi chini, akaingia ndani. Baadaye sana alisema kila akifunua mtungi ule alikuwa akisikia harufu ya jiko la mama yake. Miaka yote nimekula siki ile na sikuwahi kumuuliza. Chakula kimenishinda.

Ijumaa, 16 Aprili
Nimekwenda Sidab kwa shemeji Masouda. Nimemcheka miaka mingi kwa kutunza siki ya mama yao katika chupa ya jemu. Nasriya ameona haya kuomba, nikaomba mimi. Masouda akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema kumbe shemeji yake kamzika mama mara mbili. Kisha akanimiminia nusu, na utando wake, akaniapisha ubani usiikaribie maisha. Nimeapa. Nasriya alinusa chupa mlangoni, akalia. Nikalia na mimi. Nimetubu kabisa.

Ijumaa, 30 Aprili
Imeshika! Utando mpya umetanda juu ya mtungi na Nasriya anaimba jikoni. Nimekaa nikiutazama. Viumbe wasioonekana, na wamemhifadhia mtu mkono wa mama yake kutoka Unguja mpaka hapa. Mimi nani niwaguse? Nataka kuwaenzi tu. Masouda aliniapisha ubani. Udi hakuutaja. Nasriya atakwenda sokoni kesho asubuhi, na chetezo nimeshakifuta vumbi.