Joho Jekundu la Wenyeji

Jumatatu, 3 Juni
Siku ya tisa kwa dada, ugenini nchi ya watu. Leo tena! Kila mwenye duka ananipungia mkono na kunikaribisha kwa Kiingereza. Shemeji ananiita Mtalii hata mezani, na dada anacheka badala ya kunitetea. Amesema narudi kwetu Jumamosi, isipokuwa nikiweza kushinda mjini siku nzima bila kutambuliwa kuwa mgeni. Nikiweza, nikae mpaka mwisho wa mwaka. Lazima niweze. Niliuaga mtaa mzima nikisema nimehama moja kwa moja. Nitarudi kwa uso gani?

Jumanne, 4 Juni
Dawa imepatikana! Vazi la asili. Joho jekundu, mshipi wa dhahabu, kofia yenye kishada. Nimelinunua katika duka lililo ubavuni mwa hoteli kubwa. Muuzaji ameapa kwamba babu zake wote walivaa hivihivi. Shemeji aliponiona alijifungia bafuni, nikamsikia akicheka. Wivu tu.

Jumatano, 5 Juni
Nimetoka saa tatu asubuhi. Ajabu, wenyeji wote wamevaa suruali na fulana! Wameacha asili yao, maskini. Watoto wa shule wamenifuata mitaa miwili. Nikapumzika mlangoni pa hoteli. Basi likashusha watalii, na bibi mmoja akanikabidhi mabegi bila hata salamu. Kanidhania mwenyeji! Furaha iliyoje! Nimebeba mabegi kumi na moja hadi ghorofa ya nne.

Kushuka, nakutana na bawabu. Joho jekundu. Mshipi. Kofia ileile. Akanieleza kwa upole kwamba siku hizi vazi hili huvaliwa na mabawabu na watalii tu, na mabawabu wenzake anawajua wote. Kisha akaniuliza natoka nchi gani. Nilitamani ardhi ipasuke.

Alhamisi, 6 Juni
Dada anapanga nguo zangu begini. Nimejitetea kwake: watalii hawakunitambua, kwa hiyo nimeshinda nusu. Kasema nusu mwenyeji hana kitanda hapa. Nimezunguka sebuleni kutwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jumamosi, 8 Juni
Nimetua nyumbani na joho mwilini. Jirani akiniona je? Hatanijua! Dereva wa teksi kanikaribisha kwa Kiingereza, akauliza kama ni mara yangu ya kwanza nchini. Nikaitikia kwa kichwa. Hakunitambua hata kidogo kuwa mwenyeji! Sasa niko gesti. Kesho dereva anakuja kunitembeza, na ameahidi tutaanzia mtaani kwetu.