Taa ya Breki Inayokonyeza

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeona kifo, na kilikuwa kimebeba magodoro. Lori! Lilinijia kwa nyuma pale kwenye kona ya kiwanda cha sabuni. Mimi nikafunga breki, lenyewe likachelewa. Likasimama upana wa kiganja kutoka mgongoni kwangu. Dereva akachungulia dirishani, akaniuliza huko nyuma nimefunga taa au nimewasha kibiriti. Kibiriti! Mimi! Mtu niliyevuka mipaka mitatu juu ya lori la vitunguu nikiwa sijaota ndevu!

Nikashuka kwenye pikipiki kutazama. Kweli, taa ya breki inawaka, lakini inawaka kama mgonjwa anayeitikia salamu.

Na balaa hili limekuja wakati mbaya. Zahanati inatafuta mwendesha pikipiki mmoja wa kupeleka chupa za damu kwenye maabara kubwa zikapimwe. Kazi ya kudumu. Una kiti chako, una kivuli, Jumapili unalala. Mke wangu ameshaiota kazi hii mara mbili. Maskini, miaka yote anasimama dirishani mvua ikinyesha, akisikiliza kama mlio unaokuja ni wa kwangu. Kazi hii lazima nimpatie.

Tumebaki waombaji wawili, mimi na Konokono. Konokono ni mwenzangu hapa kituo cha bodaboda. Tangu nimjue hajawahi kulipita gari lolote isipokuwa lililoegeshwa. Majaribio ni Ijumaa. Sista Mkuu wa zahanati mwenyewe atatufuata nyuma kwa gari, aone tunavyoendesha.

Atatufuata nyuma! Basi njia nzima macho yake yatakuwa wapi? Kwenye taa yangu! Akili kama hizi hazifundishwi darasani. Ndiyo maana darasa niliwaachia wengine.

Jumanne, 5 Machi

Binamu yangu aliye ng'ambo amenitumia video. Huko kwao pikipiki ikifunga breki, taa ya nyuma inakonyeza! Pa! Pa! Nilibaki kinywa wazi, inzi akaingia, akatazama, akatoka. Video ikakwama hapo hapo, bando limekwisha. Haidhuru. Mwenye akili haambiwi mara mbili. Mimi hata mara moja nzima ni nyingi.

Mbio kwa muuza vyuma chakavu. Nikanunua flasha ya indiketa, kile kidude kinachofanya indiketa iwake na kuzimika, nikaiunga kwenye waya wa taa ya breki. Na balbu mpya, kali kama jicho la mama mkwe. Kazi yote mwenyewe, bila fundi. Shoti ilinipiga, lakini kwa heshima, kama mtu anayekutekenya.

Mke wangu akatoka na sufuria mkononi, akauliza kulikoni ukuta wa jirani unageuka mwekundu. Nikamwambia huo ndio usalama. Akasema basi usalama unamuumiza macho. Halafu akauliza mbona inakonyeza na mimi nimekaa tu, siendi popote. Nikamweleza taratibu, maana si kila mtu mtaalamu: mguu wangu wa kulia hupumzika juu ya pedeli ya breki. Ndio mkao wangu. Dereva mzoefu yuko tayari saa zote. Akanitazama kama anayetazama maziwa yanayotaka kufurika.

Jumatano, 6 Machi

Salaale! Mji mzima uko miguuni pangu. Magari yaliyo nyuma yanakaa mbali nami kama nina upele. Hakuna honi, hakuna tusi.

Baadaye nikatupa jicho kwenye kioo, nikaona msururu wa magari yenye maua unanifuata. Nikakata kulia, nayo kulia. Nikapunguza, nayo yakapunguza. Nikaingia kituo cha mafuta, yote yakaingia! Akashuka bibi harusi na shela lake katikati ya matairi, akauliza mbona ukumbi unanuka dizeli. Harusi! Jumatano! Nani anaoa Jumatano? Kumbe walipoona taa nyekundu inakonyeza bila kupumzika, wakajua mimi ndiye niliyetumwa kuwaongoza. Shangazi wa bwana harusi alinitolea maneno ambayo hata kwenye lori la vitunguu sikuyasikia. Nikaona haya. Nikawaongoza kweli mpaka ukumbini, bure, nikipiga honi za furaha. Harusi ni harusi.

Kituoni Konokono akanizunguka, mikono nyuma. Akauliza, eti mheshimiwa, unakata kushoto, unakata kulia, au jino linakuuma? Wenzetu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha akanivuta pembeni, akasema taa hiyo sheria haiipendi, nimpe bisibisi aitoe kabla ya Ijumaa. Aitoe! Mshindani wangu! Nikamwambia ndugu yangu, mchimba kisima cha mwenzie aanze na ndoo yake. Sijui maana yake, lakini alirudisha mikono nyuma akaenda zake.

Alhamisi, 7 Machi

Nimesimamishwa! Na trafiki! Mimi ambaye matrafiki wote hunipungia mkono!

Afande alizunguka nyuma, akaniamuru nifunge breki. Nikamwambia afande, mbona tayari inakonyeza. Akasema hilo ndilo tatizo la kwanza. La pili, sheria inataka taa ya breki iwe nyekundu na itulie, ikiwaka imewaka. Zinazowaka na kuzimika ni indiketa, na magari ya dharura. Anayenifuata akiona hii, hajui kama nageuka, nasimama, au nimebeba mgonjwa. Nikauliza kwa adabu, je, kama mimi mwenyewe ni dharura? Akasema nimebakiza kidogo sana kuwa dharura. Akaniachia kwa onyo. Niitoe leo hii.

Nikaapa kuitoa. Njiani nikawaza. Magari ya dharura yanaruhusiwa, kasema mwenyewe. Damu ni dharura. Mimi nitabeba damu. Basi mimi ni dharura mtarajiwa! Mtu hawezi kuvua sare siku moja kabla ya kuajiriwa.

Nimeiacha.

Ijumaa, 8 Machi

Mkono wa kushoto umefungwa bendeji. Naandika kwa wa kulia.

Konokono alitangulia kufanya jaribio lake. Akaenda, akarudi. Hakuna la kusimulia, ndivyo alivyo.

Zamu yangu. Wakanifungia kasha la chupa nyuma ya kiti. Hazikuwa na damu, waliweka maji yenye rangi nyekundu ili ionekane kama tutamwaga. Sista Mkuu nyuma yangu katika kigari cheupe cha zahanati. Nikaondoka kifua mbele, mguu mahali pake, taa ikikonyeza tangu langoni. Nikajua mama wa watu anaburudika.

Kwenye kona ya kiwanda cha sabuni, mzee mmoja akaibuka na mkokoteni wa mabomba. Nikafunga breki, safari hii kwa dhati. Nyuma nikasikia mlio wa matairi. Halafu puu!

Nikaruka. Nikatua juu ya lundo la maboksi. Nikafumbua macho, nikajiona mwekundu. Kifua chekundu, mikono myekundu, hata viatu! Wanawake wakapiga mayowe. Mtu akasema amekwisha huyu, mfunikeni. Nikakubaliana naye. Nikaanza kuaga. Nilimtaja mke wangu kwanza, kisha pikipiki, nikaomba mke anisamehe kwa kuwataja karibu karibu.

Habari ziliruka zikamfikia nyumbani kwamba nimekufa. Alikuja mbio, pekupeku, kitambaa cha kichwa kimemwangukia shingoni. Akapiga magoti. Akagusa kifua changu, akanusa vidole. Kisha akanizaba kofi. Kofi lenyewe ndilo lililonionyesha kuwa ni mzima. Kisha akanikumbatia, akalia mpaka na yeye akawa mwekundu. Sijawahi kumsikia akilia hivyo. Sitaki kusikia tena.

Kwenye zahanati, Sista Mkuu alinifunga mkono mwenyewe. Akasema baba, ile taa yako ilikonyeza tangu langoni. Mwanzo nilikuwa macho, baadaye nikaizoea. Uliposimama kweli, ningejuaje? Na nilipotazama, ilikuwa imezimika! Akasema alidhani ameua mtu, yeye ambaye kazi yake ni kuponya. Mgonjwa ni nani hapa? Mimi! Nikampa pole, nikamletea maji ya kunywa.

Nikisubiri dawa, simu ikashika intaneti ya bure ya zahanati. Video ya binamu ikaendelea. Taa ikakonyeza mara tatu, kisha ikatulia. Ikatulia! Ikabaki imewaka tuli! Nilipiga ukelele, muuguzi akaja na sindano.

Kazi amepewa Konokono.

Jumapili, 10 Machi

Konokono amekuja kunijulia hali, na machungwa. Nilijiandaa kumchukia, lakini alikuwa amenimenyea moja.

Akasema amezungumza na Sista Mkuu. Siku ambazo yeye atapumzika au ataumwa, mimi nishike nafasi yake, mradi taa yangu iwe tulivu kama za watu. Sista amekubali! Mke wangu akapiga kigelegele. Mimi nikalia hadharani. Nimezunguka dunia, mtu wa namna hii sijamwona.

Konokono akatoka na bisibisi, akaichomoa flasha, akaitupa kwenye ndoo ya taka. Akaunga waya upya, akaweka balbu nyingine badala ya ile iliyopasuka Ijumaa. Tukajaribu. Nyekundu, tuli, kama kaa la moto. Nikamshukuru, nikasema somo limeniingia mpaka kwenye uboho.

Mke wangu akamkaribisha chai. Nikawaacha wanazungumza, nikatoka kupunga hewa. Nikaitazama pikipiki ya Konokono. Nikaitazama taa yake. Hafifu! Na mwendo wake ule wa pole pole, na damu za watu nyuma! Huyu atagongwa hata na baiskeli. Mtu aliyenitendea wema, nimwache afe?

Nikaiokota flasha ndooni, nikaipangusa. Mkono mmoja unauma, lakini kwa rafiki mkono mmoja unatosha. Nimeiunga kwenye waya wa taa yake ya breki, nikaificha vizuri chini ya kiti, haionekani kabisa. Ameondoka anachekelea, hajui lolote, na kwa bahati njia ya kwake ni tambarare, kwa mwendo wake ule hahitaji breki.

Kesho asubuhi atafunga breki langoni pa zahanati, mbele ya Sista Mkuu mwenyewe. Hapo ndipo atakapojua ana rafiki wa aina gani.